Barua ya wazi kwa wakubwa wa elimu: darasani tayari tunatumia lugha mbili, bado nyie tu

Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, wakubwa wa TAMISEMI, Taasisi ya Elimu (TET) na Baraza la Mitihani.

Shikamooni waheshimiwa, na mlio rika langu habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa bailojia kwenye shule moja ya kata huku Kanda ya Ziwa, jina la shule na wilaya sitaji kwa sababu mwezi ujao nataka bado niwe kazini, nadhani mnanielewa. Siandiki kulalamikia mshahara wala kupanda daraja, hayo yana wenyewe na yana foleni yake. Nimekuja na suala la lugha ya kufundishia, na kabla hamjaguna mkasema "hili tena", naomba mnisikilize kidogo maana siji na ule ubishi wenu wa kila siku wa Kiswahili au Kiingereza. Ubishi ule umenichosha mimi na umewachosha hata wanaoutafutia jina.

Nianze na ukweli ambao kila mwalimu anaujua na hakuna anayeuandika kwenye ripoti. Sekondari za serikali hazifundishi kwa Kiingereza. Kwenye makaratasi zinafundisha, darasani hapana. Naingia fomu wani na andalio la somo la bailojia lililoandikwa kwa Kiingereza, naandika kichwa cha somo ubaoni kwa Kiingereza, nasoma sentensi mbili tatu za kitabu, naangalia zile nyuso naona hamna mtu pale, basi nageukia Kiswahili na hapo ndo somo linaanza, watoto wanachangamka wanauliza wanabishana mwingine anasimulia ya bibi yake, afu dakika za mwisho wananakili notisi za Kiingereza ambazo watakwenda kukariri kama zilivyo na mkato na nukta zake. "Andastendi?" nauliza. "Yeees saaa!" darasa zima. "Eni kwesheni?" Kimya, unasikia bati tu linavyopasuka kwa jua.

Sio mimi peke yangu. Nendeni shule yoyote ya kayumba, hizi zetu za serikali, msimame nje ya dirisha bila kupiga hodi na bila kumpigia mkuu wa shule siku moja kabla, mtasikia jografia ya Kiswahili, fizikia ya Kiswahili, hata hesabu "hii eksi tunaihamishia upande wa pili inabadilika ishara". Mnachosikia mkija na gari na taarifa ni maigizo. Mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akiingia darasani watoto wangu wale wale waliokuwa wanabishana jana wanakuwa mabubu, mimi nasoma kitabu kwa sauti, yeye anaandika kwamba ushiriki wa wanafunzi ni mdogo, halafu kikao cha kutupa tathmini anakiendesha kwa Kiswahili mwanzo mwisho! Sijawahi kusikia mrejesho wa Kiingereza kutoka kwa mtu aliyenikemea kwa kutotumia Kiingereza. Simlaumu, naye anataka aeleweke.

Na mlangoni mwa ofisi ya walimu shule nyingi kuna lile tangazo la hakuna Kiingereza hakuna huduma. Mtoto anaumwa tumbo anasimama pale anatafuta maneno. Kuna shule wanaandika majina ya waliokamatwa wakiongea Kiswahili, jioni wanachapwa au wanafyeka, nyingine wanamvisha kibao shingoni. Kiswahili hicho hicho ambacho Julai 7 tunawavalisha vitenge tunawapanga mstari waimbe siku ya Kiswahili duniani. Haya tuendelee.

Niwape mfano wa kichocho maana huku kwetu kichocho sio mada ya kitabuni. Watoto wetu wanaogelea ziwani na kwenye malambo, wanachota maji humo, wanalima mpunga humo, wapo wanaokojoa damu na wanaona ni kawaida, dawa wanagawiwa shuleni kwa kupimwa kimo na ule mti wa urefu. Nilipofundisha kwa Kiswahili darasa lilinifundisha mimi, wakanieleza konokono gani wanakaa wapi, kipindi gani wanazidi, kwa nini asubuhi sana na saa nane ni tofauti, mmoja akauliza swali zuri kabisa kwamba kama dawa inaua minyoo mwilini na mtoto kesho anarudi majini si tunajaza pipa lililotoboka. Nikafurahi nikasema hawa wameiva. Nikawatungia testi kwa Kiingereza kama sheria inavyotaka, maswali mepesi, taja njia mbili za kujikinga, eleza mdudu anavyoingia mwilini. Yule wa swali la pipa alinakili swali langu kama jibu lake. Neno kwa neno, kwa mwandiko mzuri kabisa, afu akapiga mstari chini. Wengine waliacha wazi, mwingine kaandika jibu sahihi lote kwa Kiswahili, na kwa mujibu wa utaratibu wenu lile jibu ni sifuri.

Sasa hapo nimepima nini? Bailojia sijapima, maana bailojia wanayo na niliisikia kwa masikio yangu. Na Kiingereza nacho sijakipima vizuri maana ile haikuwa testi ya Kiingereza. Nimejaza tu fomu ya matokeo.

Baraza la Mitihani mnalijua hili kuliko mimi. Kila mwaka mnatoa zile taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, na mimi ni katika watu wachache wanaozisoma hadi mwisho kwa sababu ni kazi nzuri kusema ukweli, mnabandika mpaka picha ya jibu baya la mtahiniwa. Na karibu kila somo, bailojia, siviksi, historia, jografia, sababu mnayoandika ya watoto kushindwa ni ile ile: hawakuelewa swali linataka nini, na umilisi mdogo wa lugha ya Kiingereza. Mnaandika mwaka huu, mnaandika mwaka unaofuata. Mwishoni mnapendekeza walimu tuwahimize wanafunzi waongee Kiingereza na wasome vitabu vya Kiingereza. Yaani ugonjwa mmeshaupima miaka na miaka, majibu ya maabara yapo kwenye tovuti yenu wenyewe, dawa mnayoandika ni kuhimiza.

Mnisamehe nirudi nyuma kidogo kwa sababu kuna vijana wizarani naona wanaongea kama tatizo limeanza juzi. Mwaka 1982 tume ya elimu ya Makweta, iliyoteuliwa na Mwalimu Nyerere mwenyewe, ilipendekeza sekondari waanze kutumia Kiswahili kuanzia 1985. Serikali ikakataa, na Mwalimu naye akasimama upande wa kubaki na Kiingereza, huo ndo ukweli hata kama wapenzi wa Kiswahili hatupendi kuusema. 1984 wakaja wataalamu wawili, Criper na Dodd, wakapima Kiingereza cha wanafunzi wetu kuanzia chini hadi juu wakakuta hali mbaya kiasi kwamba sekondari wengi hawawezi kujifunzia chochote kwa lugha ile. Ungetegemea nini baada ya hapo? Kukaja mradi wa Waingereza wa kuongeza nguvu Kiingereza, vitabu vya hadithi vikaletwa, mradi ukaisha, vitabu vikaliwa na mchwa. Kwenye mradi ulioanza 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Profesa Martha Qorro, na wenzao wa Norway na Afrika Kusini wakajaribu kufundisha fomu wani masomo kadhaa kwa Kiswahili, na waliofundishwa kwa Kiswahili wakafanya vizuri zaidi. Ikaingia kabatini. 2012 zaidi ya nusu ya fomu foo wakapata divisheni ziro, nchi ikalia, tume ikaundwa, alama zikapangwa upya. Sera ya 2014 ikasema Kiswahili kitatumika ngazi zote, ikazinduliwa Februari 2015 kwa vifijo, mimi mwenyewe nilishangilia, na shuleni kwetu sijaona kitabu hata kimoja cha fizikia kilicholetwa kwa Kiswahili baada ya pale. Sasa tuna toleo la 2023 la sera hiyo hiyo, limezinduliwa Dodoma Februari 2025, na kule darasani kwangu Kiingereza kiko pale pale.

Kila mara mnachagua moja. Kiswahili kitupu au Kiingereza kitupu, upande mmoja wazalendo upande mwingine watu wa soko la ajira, wanatoana macho, afu tunarudi kulekule. Hakuna siku mmeuliza kwani lazima iwe moja?

Ombi langu ndo hili sasa, na naomba msilikuze likawa kubwa kuliko lilivyo. Ruhusuni rasmi lugha mbili kidato cha kwanza na cha pili. Mtihani wa kidato cha pili uchapwe kwa Kiingereza na Kiswahili kwenye karatasi hiyo hiyo, swali kushoto swali kulia, na mtoto ajibu kwa lugha anayoiweza bila kukatwa maksi. Fomu thrii na fomu foo maswali yaendelee kuwa kwa lugha zote mbili lakini majibu yawe Kiingereza, kwa hiyo wale mnaoogopa Kiingereza kitakufa tulieni, hakifi. Na vitabu vya TET vya masomo ya sayansi na jamii viandikwe kwa Kiingereza chepesi na maelezo ya Kiswahili pembeni, na shughuli za vikundi ambazo kitabu chenyewe kinamwambia mtoto jadili kwa Kiswahili kwanza kisha andikeni kwa Kiingereza.

Hivyo vitabu sio ndoto yangu. Vilishawahi kutengenezwa hapa hapa, Chuo Kikuu cha Dodoma na wenzao wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, na watu wa TET walikaa wakaandika sura za majaribio za fomu wani za namna hiyo, wakazipeleka shule za vijijini za Lindi, Dodoma na Morogoro, zile ambazo Kiingereza mtoto anakutana nacho kwa mwalimu tu. Wataalamu wake wapo, wengine wako ofisini kwenu. Sijui kwa nini kila jambo zuri nchi hii likiitwa mradi linakufa siku fedha za mradi zikiisha.

Mtasema kutunga mtihani mmoja kwa lugha mbili ni kazi kubwa na siri zitavuja. Waheshimiwa, mnafanya kila mwaka! Mtihani wa darasa la saba shule za kayumba wanafanya Sayansi kwa Kiswahili na ingilishi midiamu wanafanya Sayansi ile ile kwa Kiingereza, siku ile ile, mnachofanya ni kuongeza herufi E kwenye namba ya pepa, zero faivu na zero faivu E. Darasa la nne hivyo hivyo. Watungaji wapo, watafsiri wapo, wasahihishaji wa lugha zote mbili wapo. Mtoto wa darasa la saba Septemba anaruhusiwa kujua sayansi kwa Kiswahili, Januari akivaa sare nyingine tunamwambia ile uliyojua haihesabiki anza upya. Afya, chakula kinavyosagwa tumboni, kani, msuguano, umeme, hivi vyote kavisoma msingi kavielewa, anafika kwangu anaviona kama vitu vipya kwa sababu vimevaa majina mengine, na mimi sina ruhusa ya kumwambia kwa maandishi kwamba hiki ni kile.

Na msiniambie Kiswahili hakina misamiati ya sayansi. TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, walitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu 1990, miaka hiyo baadhi ya walimu ninaofundisha nao walikuwa hawajazaliwa. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, wapo tangu 1967 wanasanifu istilahi. 2021 mkabadilisha sheria Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, majaji wanaandika hukumu za mauaji na za ardhi kwa Kiswahili na mtu anafungwa kihalali kabisa. Hotuba ya bajeti ya wizara yenu mnaisoma bungeni kwa Kiswahili, ina mambo mazito ya takwimu na sera na hakuna mbunge aliyesema hajaelewa kwa sababu ya lugha (wanasinzia kwa sababu nyingine). Na kwenye mtaala mpya mmeleta Historia ya Tanzania na Maadili, somo la lazima, sekondari tunalifundisha kwa Kiswahili na vitabu vyake ni vya Kiswahili. Kwa hiyo mlango mmeshaufungua wenyewe. Nilikaa nyuma kwenye kipindi cha mwenzangu cha somo hilo nikaona watoto wangu wale wale mabubu wananyoosha mikono hadi wanasimama kwenye viti, na wivu uliniuma, siwafichi.

Wazazi je. Hapa ndipo wanaharakati wa Kiswahili wanapokosea sana kwa maoni yangu, wanamwona mzazi anayetaka Kiingereza kama mtu mwenye kasumba. Mzazi hana kasumba, ana macho. Anaona usaili wa kazi ni Kiingereza, fomu za skolashipu Kiingereza, chuo kikuu Kiingereza, maelekezo ya mashine Kiingereza, na anaona wakubwa mnavyopeleka watoto wenu ingilishi midiamu, hilo sio siri wala sio kosa, ila mnaelewa linavyoonekana. Hata serikali ina shule zake za msingi za Kiingereza, Olympio na Diamond pale Dar, Arusha School, na kupata nafasi ni vita. Kwa hiyo mimi sitaki kumnyang'anya mtoto wa mkulima Kiingereza. Nataka akipate kweli, maana sasa hivi hakipati. Anamaliza fomu foo miaka minne ya "kufundishwa kwa Kiingereza" hawezi kuandika barua ya kuomba kazi, Kiingereza hana na bailojia hana, kapoteza vyote viwili kwa pamoja.

Lugha haijifunzwi kwenye kipindi cha kemia, na anayefundisha kemia mwenyewe Kiingereza chake cha kuungaunga, naomba radhi kwa wenzangu lakini tunajijua. Lugha inajifunzwa kwenye somo la lugha, kwa mwalimu anayeijua, na vitabu vya kusoma kwa raha. Pale kwetu darasa la Kiingereza lina watoto wamebanana hadi dirishani, mwalimu mmoja, maktaba ni kabati lenye kufuli na ufunguo kauchukua aliyehama. Kila sarafu mnayotaka kutumia kuhimiza Kiingereza kwenye masomo yote ihamishieni pale, kwenye somo la Kiingereza lenyewe, kuanzia msingi, muone.

Wanaijeria walishajaribu. Kuanzia 1970 pale Ife, Profesa Fafunwa na wenzake walichukua watoto wakawafundisha shule ya msingi yote kwa Kiyoruba na Kiingereza kama somo lenye mwalimu mzuri, walipolinganishwa na waliosoma njia ya kawaida ambao madarasa ya juu walihamia Kiingereza, hawa wa Kiyoruba walifanya vizuri zaidi na kwenye Kiingereza hawakuachwa. Na kwa majirani wa SADC, jumuiya yetu ya nchi za kusini mwa Afrika, huko Afrika Kusini jimbo la Eastern Cape walianza 2012 kufundisha hesabu na sayansi kwa isiXhosa na Sesotho sambamba na Kiingereza, wakaendelea kimyakimya miaka yote hiyo darasa kwa darasa, na 2025 serikali yao ikaanza kuusambaza utaratibu huo nchi nzima kuanzia darasa la nne. Nao ni nchi ya viwanda na migodi na wana uchu wa Kiingereza kuliko sisi. Wao wana lugha rasmi kumi na mbili za kuhangaika nazo, sisi tuna moja ambayo nchi nzima inaielewa, ile ambayo SADC 2019 tulikwenda kuipigia debe hadi ikawa lugha rasmi ya jumuiya.

Niseme moja pembeni, sio ombi, ila linanikera. Huku kwetu hata hicho Kiswahili mtoto anakutana nacho shuleni. Nyumbani ni Kisukuma, wengine Kikerewe, Kijita, Kizinza. Kule Manyara Kiiraqw na Kimaasai. Nchi ina lugha zaidi ya 120 na shuleni hazitakiwi hata kunusa. Mwalimu wa darasa la kwanza anayejua Kisukuma anakitumia kwa kujificha kama mimi ninavyojificha na Kiswahili changu, kwa hiyo mtoto wa huku amefukuzwa kwenye lugha mara mbili kabla hajafika miaka kumi na tano. Wakenya angalau silabasi yao inaruhusu lugha ya eneo madarasa matatu ya mwanzo, ingawa utekelezaji nao nasikia una mambo yake. Nimemaliza hilo.

Sababu ya kuandika sasa hivi ni Januari 2028. Mmepanga wenyewe: elimu ya lazima miaka kumi, msingi miaka sita, hakuna tena kuchujwa kwenda sekondari. Wale wa darasa la tatu 2024 wanamaliza la sita 2027, wakati huo huo kuna wale wa mwisho wa darasa la saba, wote wawili Januari 2028 wanabisha hodi fomu wani. Mara mbili ya kawaida. Madarasa mnajenga, nayaona, matofali yapo hadi kwetu, hongereni. Lakini hesabu hii ya lugha nani kaipiga? Nusu ya watoto hao watakuwa wamesoma mwaka mmoja pungufu msingi, na wote, hata yule ambaye zamani angeishia darasa la saba akaenda kuchunga au kufungua genge, watakaa mbele yangu wanisikilize kwa Kiingereza. Kama leo na mchujo upo wanashindwa kuelewa swali, siku hiyo bila mchujo na darasa limejaa mara mbili mimi nitafanya nini, niongeze sauti?

Muda bado upo ila sio mwingi. Mtihani wa kwanza wa kidato cha pili wa kundi hilo ni mwisho wa 2029. Mkiamua mwaka huu, TET wana muda wa kuongeza kurasa za Kiswahili kwenye vitabu vya fomu wani kabla ya kuchapa vya kundi kubwa, mtalazimika kuchapa vingi vipya hata hivyo. Vyuo vya ualimu vianze kumfundisha mwalimu jinsi ya kutumia lugha mbili kwa mpangilio, lini anageuka, kwa nini, anarudije, maana sasa hivi kila mmoja wetu anageuka kivyake kwa uwoga na kwa kubahatisha, mwingine anaongea Kiswahili kipindi kizima anasahau kabisa kurudi, hilo nalo ni tatizo na sitaki kulificha. Wathibiti ubora wabadilishiwe ile fomu yao. Na kama mnaogopa kuanza na masomo yote anzeni na pepa ya bailojia na ya jografia tu, mikoa michache, mlinganishe maksi na mwaka uliopita. Nikiambiwa mkoa wangu umechaguliwa nitashukuru, nikiambiwa ni Mtwara au Kigoma pia sawa.

Notisi za lugha mbili ninazo. Nimeandika fomu wani yote na fomu tuu nusu, jedwali la maneno kila mada, mchoro una majina pande zote mbili, na najua walimu wengine huku wanazo zao za fizikia na siviksi, tunarushiana kwenye simu usiku kama tunauza magendo. Hatudai malipo. Mkitaka kuziona tangazeni tu mahali pa kuzituma, na kwenye hilo tangazo mtuhakikishie kwa maandishi kwamba atakayetuma hatapewa barua ya kujieleza.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa bailojia, shule ya kata, Kanda ya Ziwa